Stempu Pungufu

Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemfungulia shangazi Eulália
anwani ya barua pepe, Januari ile ya mvua,
modemu ikipiga mluzi kama birika lililosahauliwa jikoni.
Nikamwambia, "Sasa watu watakuandikia."

Wakamwandikia.
Kufikia Pasaka alikuwa na barua mia nne:
vidonge vya nguvu za kiume (yeye, mjane wa miaka sitini na tisa),
saa za dhahabu kwa bei ya dagaa,
mikopo, nywele mpya, udaktari bila mtihani,
na mtu asiye na jina aliyemwita "Mpenzi Mteja"
kila alfajiri, saa kumi na dakika saba,
kama jogoo asiyechinjika.

"Futa tu," nikamwambia.
Akanitazama kana kwamba nimetema mate sakafuni.
Miaka thelathini na mmoja alichambua barua
katika posta ya Porto, zamu ya usiku.
Bahasha iliyoandikwa *Kwa mama, nyumba ya buluu, karibu na kisima*
aliifikisha.
"Barua haifutwi," akasema. "Barua ina mwenyewe.
Kama si yangu, inarudi kwa aliyeituma."

Akaanza kumtafuta mwenyewe.
Alijifunza kufunua utosi wa barua pepe,
ile mistari ya namba tusiyoisoma,
akaifuata kama alivyofuata mihuri ya zamani:
seva hii imepokea kutoka ile, ile kutoka nyingine,
huyu anadanganya saa, yule anadanganya jina.
Jumatano walikuja na wenzake:
Hermínio mwokaji mikate, unga ungali nyusini,
Felisbela mwenye mashine za kufulia,
na Telmo, dereva wa lori la samaki,
aliyeletewa mikopo nafuu hata siku aliyomzika baba yake.
Wakagawana namba pale jikoni
kama watu wanaochambua kunde.
Haba na haba ndiyo iliyojaza visanduku vyao;
sasa na wao waijaribu.

Wiki ya kumi na moja waliipata.
Si jitu, si genge la miwani myeusi.
Ofisi ya vyumba viwili huko Braga
juu ya duka la viatu vya watoto,
yenye kengele, na jina la shaba, na
(Maria Mtakatifu!)
sanduku la posta.

Shangazi alicheka mpaka akashika meza.

Wakachapa zote. Kila kidonge, kila saa, kila Mpenzi Mteja,
printa ya Hermínio ikikohoa usiku kucha,
bahasha elfu moja mia tisa na kumi na nne,
anwani kwa mkono, mwandiko wa shule ya masista,
na juu ya kila moja stempu pungufu,
pungufu kwa makusudi, senti chache tu,
kwa maana sheria ile aliijua kama sala:
kilichopungua hulipa mpokeaji,
au atie saini kukataa, moja moja, dirishani,
na foleni nyuma yake.

Siku tisa baadaye ikaingia barua pepe.
Haikuwa na Mpenzi wala Mteja.
*Bibi, tafadhali. Tarishi ameacha kutusalimia.
Tuondoe kwenye orodha yako.*

Mkuki kwa nguruwe, nikawaza.
Lakini shangazi safari hii hakucheka. Alivaa miwani,
akasoma mara mbili, akadonoa herufi kwa kidole kimoja:

*Ombi lako limepokelewa.
Kujiondoa huchukua siku kumi hadi kumi na nne za kazi.
Katika kipindi hicho huenda ukaendelea
kupokea ujumbe wetu.*

Nililala kwake usiku ule.
Saa kumi na dakika saba, kimya.
Saa kumi na dakika tisa, mwingine,
kutoka seva asiyoijua bado,
akimwita "Rafiki Mheshimiwa."

Nilimsikia akivuta kiti.